Makopo Ambayo Sikuyatoboa

Wiki iliyopita nilimwacha mama mkwe amesimama mlangoni mwa duka, kajifunika mtandio uso mzima kama bibi harusi, na mimi niko nyuma ya kaunta natafuta pa kukimbilia. Nasikia kuna wasomaji walikasirika. Mmoja kamwambia muuza magazeti kwamba mtu anayemsimamisha mama mkwe mlangoni wiki nzima hana adabu. Kweli sina. Lakini ngojeni msikie.

Kwa aliyechelewa, mambo ni haya. Mke wangu ana duka la vipodozi: losheni, sabuni, krimu za uso, mafuta ya nywele. Tangu mgongo wangu ulipogoma kubeba saruji, duka hilo ndilo linalotulisha na kutuvisha, na ndilo linalofanya watu wasionijua waniite bosi.

Duka lina sifa moja tu: feki haingii. Kila kopo analouza mke wangu hulibandika stika ndogo nyekundu chini ya kitako, akaitia saini kwa kalamu. Mteja akimaliza, anarudisha kopo tupu, anapewa kipande cha sabuni, na kopo linatobolewa kwa msumari wa moto. Sababu? Watu wa feki hutafuta makopo matupu ya kweli wakayajaza uchafu wao. Kopo lenye tundu halijazwi. Mji mzima unamwita Mama Msumari.

Kutoboa ni kazi yangu. Nakaa uani na jiko la mkaa, koleo na msumari, moshi wa plastiki unaingia puani unatokea masikioni. Ndipo akaja yule bwana mpole, Mzee wa Asali. Akasema anatafuta vyombo safi vya kufungia asali yake, na kwamba mtu mwenye akili kama mimi hapaswi kuchoma mali. Tangu nilipoacha shule darasa la tano, hakuna mtu aliyewahi kuniambia nina akili. Nikampa makopo yote, pamoja na stika zake. Asali yenyewe sijailamba mpaka leo.

Haya, turudi mlangoni.

"Hodi," alisema mama mkwe kutoka ndani ya mtandio.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mkwe. Mwanangu yuko wapi?"

"Kaenda kuchukua mzigo, mama. Yuko njiani."

"Basi nitazame wewe."

Nikaitazama kalenda ukutani. Mimi na mama mkwe tumeheshimiana miaka yote hii. Ukweli ni kwamba viatu vyake navifahamu zaidi kuliko uso wake.

"Nimesema unitazame mimi, si kalenda. Leo nimekuruhusu."

Akavuta mtandio.

Nilipiga ukelele ambao si wa mwanamume. Paji la uso limekuwa jeupe. Mashavu mekundu. Pua peke yake ndiyo imebaki na rangi ya kuzaliwa, kama mgeni aliyeingia harusi isiyo yake. Nyusi hakuna. Si kwamba zimepungua. Hakuna.

"Pole, mama. Umeungua na nini?"

"Na hiki."

Akatoa kopo kwenye mkoba, akalipindua juu ya kaunta. Stika nyekundu. Saini ya mke wangu.

Nikaisugua saini kwa kidole gumba. Haikufutika.

"Umelinunua hapa, mama?"

"Nikinunua hapa mwanangu hataki kupokea hela yangu, nami sitaki kumla mtaji. Nimelikuta sokoni kwa yule mama wa meza ya kona. Nikaligeuza, nikaona stika ya mwanangu. Nikasema, ala, hii si mali ya nyumbani? Nikapaka bila wasiwasi." Akaligonga kopo kwa kidole. "Niliamini ile stika, mkwe. Hata kifuniko sikukikagua."

Nilitaka kumwambia kitu cha kumliwaza, lakini mlango ulisukumwa na kinyozi wa jirani akaingia bila hodi, kashika kopo lake juu kama mwamuzi anayetoa kadi.

"Mama Msumari yuko wapi? Atoke! Wateja wangu wana shingo za bata mzinga!"

"Punguza sauti, bwana," nikamwambia. "Kuna mtu mzima hapa."

"Nimempaka mwenyekiti wa mtaa baada ya kumnyoa! Mwenyekiti! Yuko kwenye kiti changu sasa hivi anajikuna kwa kitana!" Akageuka, akakutana na uso wa mama mkwe. Akarudi nyuma mpaka akagonga rafu ya sabuni. "Mama yangu wee! Kumbe wewe umepata la jumla!"

"Kijana," alisema mama mkwe, "nyusi zangu zitaota. Adabu yako itaota lini?"

Kinyozi akaomba radhi, lakini hasira hakuiacha. Akaligeuza kopo lake. Stika nyekundu ileile.

"Hili nimelinunua sokoni, lakini limetoka humu. Stika haidanganyi. Nimeshampigia simu mkaguzi wa bidhaa, na anakuja mchana huuhuu. Akikuta jina lenu kwenye sumu hii, anapiga kufuli mlango, na Mama Msumari anatembea mbele ya watu mpaka ofisini. Halafu tuone nani atakuita bosi."

Mke wangu aliingia akiwa na maboksi mikononi. Aliyaweka chini taratibu. Akamtazama mama yake. Nilijua atalia, nikajiandaa kumbembeleza. Hakulia. Alimshika kidevu, akaugeuza uso wake huku na huku kwenye mwanga wa mlango, kisha akachukua lile kopo.

Alilinusa. Akachungulia ndani ya kifuniko, akakwangua kwa ukucha ile karatasi ya kuzibia. Gundi ikatoka kama kamasi. Akatazama pale penye namba ya toleo. Ilikuwa imefutwa.

"Stika ni yangu," alisema. "Kopo ni langu. Kilichomo si changu. Kopo hili lilirudi hapa tupu."

Akanigeukia.

"Na kila linalorudi hapa linatobolewa. Si ndiyo, baba watoto?"

Wasomaji, hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa pana, peupe, hapana hata kokoto. Nikapapita.

"Mimi na msumari tunajuana," nikamjibu.

"Sijakuuliza mnajuana. Nimekuuliza unatoboa?"

"Nikitoboa natoboa."

"Kila moja?"

"Mke wangu, tumbo limenishika. Nipishe msalani."

Msala wetu uko uani. Nikaingia uani, nikaupita msala, nikatokea mlango wa nyuma. Nilikuwa na mpango mmoja tu kichwani: nimfuate Mzee wa Asali, nichukue makopo matupu yaliyobaki, niyarudishe na kuyatoboa kabla mkaguzi hajafika. Akikuta tundu kila mahali, nitasema haya mawili matatu yaliponyoka kwa bahati mbaya. Usinicheke. Mtu akiwa na woga hata mpango mbovu huuona una miguu.

Kibanda chake kiko nyuma ya karakana ya seremala. Nilikijua kwa sababu mara ya kwanza nilimbebea makopo mwenyewe, mgongo huuhuu mbovu. Siku ile alinipokelea nje. Leo sikupiga hodi.

Kulikuwa na harufu ya manukato, na nyuma ya manukato harufu ya rangi ya ukutani. Katikati pipa liko motoni. Mzee wa Asali kavua shati, anakoroga kwa ubao wa kitanda.

"Karibu, mwenzangu!" alisema kwa furaha kabisa. "Nilikuwa nakutaja sasa hivi. Makopo yananiishia."

"Asali iko wapi?" nikamuuliza.

"Asali ipi?" Kisha akakumbuka. "Aaa, asali. Nyuki wamegoma."

"Umemuunguza mama mkwe wangu!"

"Atakuwa kapaka nyingi."

"Hana nyusi!"

"Zitaota. Zisipoota atachora kwa wanja. Na wanja ninao, mwambie nitampunguzia."

Niliwaza kumpiga ngumi. Mgongo ukanikumbusha mimi ni nani.

"Ungebandua hata stika ya mke wangu," nikamwambia. "Umemwacha uchi mbele ya mji."

Aliacha kukoroga. Alinitazama kwa huruma, kama mwalimu anayemtazama mtoto asiyeelewa.

"Nibandue? Ndugu yangu, stika ndiyo bidhaa. Humu ndani ni maji, nta na vikorokoro nisivyovijua hata mimi mwenyewe. Pale sokoni hakuna anayesoma jina la kiwanda. Wanageuza kopo. Wakiona nyekundu ya Mama Msumari, wananunua huku wanashukuru. Mkeo katoboa makopo miaka yote hiyo mpaka jina lake likawa kubwa kuliko la kiwanda. Mimi nilipungukiwa kopo tu, na kopo ukanipa wewe."

Maneno hayo yaliniingia vibaya. Nilimkumbuka mke wangu jioni, kakaa kitandani, anatia saini vistika vidogo kimoja kimoja mpaka vidole vinakakamaa, na mimi namwambia azime taa nilale.

"Na mkeo je?" nikamuuliza kwa hasira. "Yeye humpaki vikorokoro vyako?"

"Mke wangu? Thubutu! Ngozi ile ni ya kuchezea? Yeye hununua kwenu. Mnamwita Bi Hariri, nasikia."

Bi Hariri! Mteja wetu namba moja, mwanamke mwenye ngozi ambayo nzi akitua anateleza. Ni yeye ambaye kila akirudisha kopo hasogei mpaka auone msumari unaingia kwa macho yake. "Sitaki kopo langu likamuunguze mtoto wa mtu," ndivyo asemavyo, na mke wangu humpenda kwa hilo.

"Anajua unachofanya humu?"

"Anajua nauza asali. Hata magunia ya asali ananitilia viraka mwenyewe, masikini. Ana moyo mzuri sana yule." Alisema hivyo kwa majivuno ya kweli.

"Nitakusemea."

"Nisemee. Wakikuuliza makopo niliyapata wapi, utawaambia yaliniota kichwani?"

Wakati huo pipa likafurika. Povu jeupe likamwagika motoni, moshi ukajaa, Mzee wa Asali akarukia ubao wake huku akitukana ukoo wa pipa. Mlangoni palikuwa na magunia. Nikanyakua moja, lenye kiraka kikubwa cha pazia la maua ya njano, nikalitupa begani, nikaondoka mbio.

Lilikuwa zito. Nikasema ni mgongo.

Nilifika uani jasho likinitiririka. Sauti za dukani zilikuwa zimezidi. Kuna sauti mpya, nyembamba, ya mtu anayesema kwa utaratibu sana. Mkaguzi amefika. Nikapuliza jiko, nikatia msumari kwenye makaa, nikaubana kwa koleo ulipokuwa mwekundu. Nikachomoa kopo la kwanza gunia likiwa bado limefungwa nusu.

Nikatoboa.

Kopo likanitemea usoni.

Nikajifuta. Nikasema, huyu mteja hakumaliza krimu yake, watu wengine wana fujo. Nikachukua la pili. Likatema mpaka ukutani. La tatu lilipolowesha shati ndipo akili ile niliyosifiwa ilipofika, imechoka, inahema. Gunia halikuwa la makopo matupu. Lilikuwa la makopo yaliyojazwa tayari kwenda sokoni.

"Endelea tu, mzee," ilisema ile sauti nyembamba. "Usitujali sisi."

Walikuwa wote kwenye mlango wa uani. Mkaguzi, kijana mwembamba mwenye miwani na begi la ngozi. Kinyozi. Mama mkwe. Na mke wangu mbele yao wote.

Mkaguzi aliinama, akatoa kopo guniani, akaligeuza. Stika nyekundu. Akatoa lingine. Stika nyekundu.

"Nimeitwa kukagua duka," alisema, "kumbe kiwanda kiko uani. Mama, saini hii ni yako?"

"Ni yangu," alisema mke wangu.

"Na huyu ni nani?"

Alinitazama kuanzia sharubu mpaka shati lililolowa.

"Huyu ni mume wangu."

"Nilisema mimi!" kinyozi akadakia. "Nilisema! Anajifanya mgonjwa wa mgongo, kumbe anapika sumu!"

"Kinyozi," alisema mama mkwe, "nenda kanyoe."

Sharubu zilianza kuniwasha. Kwanza kidogo, kama mtu anayekugonga begani. Halafu kama mtu anayekudai. Nilitaka kujikuna, lakini mkono mmoja umeshika koleo na mwingine umeshika kopo linalovuja, na mkaguzi ananitazama.

Alifungua begi. Akatoa mnyororo, kufuli na karatasi ya kubandika mlangoni.

"Sheria inanitaka nifunge leo," alisema. "Na wewe, mama, tutakwenda pamoja. Jina lililoko kwenye bidhaa ni lako."

Kama kuna kitu kimewahi kuniuma kuliko mgongo, ni kumwona mke wangu akifungua kibwebwe chake cha kazi, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya ndoo, kama anayejua hatarudi kukivaa.

"Bwana mkaguzi," alisema, "funga kama sheria inataka. Sitagombana na wewe, kwa sababu kazi yako na yangu ni moja. Lakini kwanza muulize mume wangu, mbele ya mama yangu. Mimi namjua huyu. Mvivu. Anakoroma. Uji wa mgonjwa anakunywa yeye. Lakini kazi ya msumari nilimpa yeye kwa sababu sina mwingine wa kumwamini. Akisema gunia hili halikutoka mikononi mwangu, basi halikutoka. Na akinyamaza, nichukue."

Wote wakanigeukia. Mama mkwe alinitazama kwa macho yasiyo na nyusi, na sijui kama umewahi kutazamwa hivyo. Huwezi kujua kama mtu amekasirika au ameshangaa.

Nilikuwa nasema. Haki ya Mungu, nilikuwa nasema. Nilikwisha vuta pumzi, nikameza krimu kidogo, neno likafika kwenye meno.

"Gunia hili," nikaanza, "gunia hili mimi..."

"Hodi jamani! Mbona dukani hakuna mtu?"

Sauti laini kama losheni ya kweli. Bi Hariri akatokea kwenye mlango wa uani, ngozi inang'aa, kopo tupu mkononi.

"Mama Msumari, nimemaliza. Nimekuja kuliona linatobo..."

Akakatika hapohapo. Hakunishangaa mimi niliyepakwa kama ukuta. Hakumshangaa mama mkwe. Hata mkaguzi na mnyororo wake hakuwaona. Alikuwa analitazama gunia.

Akasogea. Akainama, akakishika kile kiraka cha maua ya njano, akakipapasa mshono kwa kidole.

"Hili ni gunia la mume wangu la asali," alisema. "Kiraka hiki nimekitia mimi mwenyewe, kwa pazia la chumbani kwetu. Limefikaje huku?"

Mkaguzi akaacha kufungua kufuli. Kinyozi akasogea kulitazama gunia kwa karibu.

Mke wangu alilitazama gunia. Akayatazama makopo matatu yaliyotobolewa, akayatazama mengine yote ambayo hayajawahi kuona msumari. Kisha akanitazama mimi. Tumeishi pamoja vya kutosha. Nikiona mdomo wake umekaa vile najua jambo limeshamfikia lote, mwanzo na mwisho wake.

"Baba watoto," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Asali ipi?"

Nikapeleka mkono kwenye koleo, ambalo nilikuwa nimelirudisha kwenye makaa pamoja na msumari wake, nipate hata kitu cha kushika.

Halikuwepo. Alikuwa nalo yeye, na msumari ulikuwa bado mwekundu.